Redio Iliyoanikwa na Kahawa

Bukoba, Jumanne alasiri

Mwanangu Koku,

Desturi inataka nianze kwa kusema kwamba mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Lakini hujawa mbali bado. Asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukimaliza ndizi za watu wawili na maharage yake, kisha ukatoka kwenda Rubafu kumuaga bibi yako huku bado unatafuna. Kwa hiyo afya yako naijua na hofu sina. Kesho meli itakuchukua hadi Mwanza, halafu treni, halafu Dar es Salaam na chuo cha ufundi. Nimefunga kibanda mapema ili niandike kabla hujarudi, maana nikikuona tu mlangoni nitaanza utani, na haya ninayotaka kusema hayatatoka tena.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Mama yako amekuwa akikupa maagizo tangu Jumapili, na lile la kutokununua chakula dirishani mwa treni nimelisikia mimi mwenyewe mpaka nimeanza kuogopa treni ambayo sipandi. Akisahau lolote atalikumbuka meli ikiwa imeng'oa nanga, na sauti yake unaijua, utalisikia.

Shida yangu ni nyingine. Juzi wageni walipokuja kukupongeza, nilikusikia ukiwasimulia ile habari ya redio ya Muleba. Uliisimulia vizuri kuliko mimi. Ukasema baba alisafiri mpaka kijijini, akaifungua redio iliyowashinda watu, akaigusa na pamba kama daktari, na pale pale redio ikasema. Wageni wakapiga makofi. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa ndala.

Habari hiyo nimekupa mimi, tangu ukiwa darasa la nne, na nilipokupa niliikata kichwa na mkia nikakuachia mnofu. Sasa unaondoka nayo kwenda kusomea kazi hii hii. Sitaki uibebe nusu. Kuna mtu katika habari hiyo ambaye hujawahi hata kunisikia nikimtaja jina, na ndiye aliyeumia.

Kwanza nikuambie nilikuwa fundi wa namna gani, maana wewe umenikuta nimeshatulia.

Mimi nilianza kazi mwaka wa uhuru. Kila mtu alitaka redio, na aliyekuwa nayo alitaka isinyamaze hata siku moja, asije akapitwa na hotuba. Nilijifunza miezi michache nyuma ya duka la bwana mmoja hapa mjini, na nilipojua kushika chuma cha lehemu bila kuungua nikajiona nimemaliza. Koku, nilikuwa na jeuri! Mteja akileta redio, sikutafuta kilichougua. Nilitafuta kilichokuwa kwenye droo yangu. Kama nilikuwa na transista mpya, basi transista ndiyo iliyokufa. Kama nilikuwa na waya, basi waya ndio uliokatika. Kuna mzee wa Kashai nilimbadilishia vifaa vitatu kwa mkupuo mmoja, redio ikapona, na mpaka leo sijui kipi kati ya vile vitatu kilikuwa kibaya. Aliporudi baada ya mwezi na ugonjwa ule ule, nilianza upya kama mtu aliyezaliwa jana. Mwingine nilimfumua redio yote tumboni, siku mbili nzima, kumbe panya alikuwa ametafuna waya wa spika. Yule wa panya nilimwambia ugonjwa ulikuwa mzito sana.

Kwa hiyo ukifika huko na wakakwambia ubadilishe kifaa kimoja kimoja, ujaribu, uandike, ndipo ushike kingine, usione wanakuchelewesha. Mimi nimelipia somo hilo kwa aibu za rejareja.

Sasa Muleba.

Unakumbuka wakati ule vijijini kulianzishwa vikundi vya kusikiliza redio. Watu wazima, wengine wakiwa wamejifunza kusoma mwaka huo huo, walikusanyika mara moja kwa juma saa kumi jioni, wakasikiliza somo la kuchemsha maji ya kunywa au kuchimba choo, halafu wakajadiliana. Kikundi kimoja upande wa Muleba kilikuwa na redio nzuri ya betri, imevalishwa koti la ngozi lenye vitundu. Waliinunua kwa ndizi za shamba la pamoja, na waliipenda kama mtoto wa kwanza.

Mtunzaji wa redio hiyo alikuwa mjane, Ma Yustina. Alikuwa na kibanja chake cha migomba na kahawa, uwanja mpana uliofagiliwa, na hakuwa na ukoo wa kumtetea, maana mume alikufa mapema na mashemeji walikuwa wakikitazama kile kibanja kwa jicho la pembeni. Kikundi kilipomchagua yeye kutunza redio, jina lake lilisimama. Kila juma watu arobaini walikaa uwanjani pake. Mashemeji nao walikuja, wakakaa, wakamsalimu kwa heshima, kasinge, waitu. Utaona mwenyewe uzito wa redio ile kwa mwanamke yule.

Kisha redio ikaanza vituko. Somo likifika katikati, sauti inafifia, inabaki kuvuma kama nyuki ndani ya mzinga. Wanaizima, wanaipigapiga mgongoni, wanaipuliza. Hakuna. Ikifika usiku inapona yenyewe na kuimba dansi. Juma linalofuata, saa kumi, vile vile. Watu wakaanza kusema redio hii inaogopa masomo. Wengine wakaanza kusema mengine.

Kiongozi wa kikundi, Ta Anselmi, mtu mwema lakini anayependa sana kusikia sauti yake, akaifunga kwenye kanga akapanda basi mpaka kwangu. Ilikuwa msimu wa senene. Usiku uliotangulia panzi hao walikuwa wameanguka kwa wingi, mji mzima umeamka na magunia, na mama yako alikuwa amenituma nirudi mapema kusaidia kuwanyonyoa. Niliiwasha redio ya Ta Anselmi pale kibandani, kivulini, ikaimba. Nikazungusha huku, ikaimba. Nikazungusha kule, ikaimba.

Nikachukua kile kikaratasi ninachofunga kwenye redio za watu, nikaandika kwa penseli ya buluu: "Nzima. Haina kosa. Watumiaji waangaliwe." Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Hayo maneno mawili ya mwisho, Koku. Hakuna aliyeniuliza habari za watumiaji. Niliyaongeza kwa sababu yalikuwa matamu. Nilijiona nimesema jambo la kitaalamu.

Ta Anselmi aliyasoma mbele ya kikundi chote, kwa sauti. Fundi wa mjini amesema. Na mtumiaji alikuwa nani? Kabla jua halijatua ilikuwa imeshajulikana kwamba Ma Yustina huifungua usiku, kwamba ameuza vyuma vya ndani, kwamba hucheza dansi siku zisizo za somo mpaka redio inachoka. Shemeji mmoja akasema, "Asiyeweza kutunza redio ya watu atatunzaje kibanja cha ukoo?" Redio ikahamishiwa kwa Ta Anselmi. Na huko, mwanangu, redio ikatulia. Majuma matatu haikufifia hata mara moja. Basi ushahidi ukawa umetimia.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Nilikuwa hapa, nashiba senene.

Siku moja nikamwona mwanamke amesimama mbele ya kibanda changu na kikapu kichwani. Alikuwa mwembamba, amejitanda kanga mbili safi. Nikadhani anauza mayai. Alikishusha kikapu, akanisalimu kwa heshima zote kwa Kihaya, kisha akasema kwa Kiswahili, kile cha darasani, taratibu, kama mtu aliyejifunza sentensi hiyo njiani:

"Fundi, mimi ndiye mtumiaji uliyeandika niangaliwe. Nimekuja unionyeshe nilichoharibu, nisije nikakiharibu tena."

Nikamwambia hakuna kilichoharibika, redio ni nzima.

"Kama ni nzima, mbona mimi nimeharibika?"

Ningekuwa na droo ya kutolea jibu ningelitafuta. Nikamvutia kigoda akae. Na hapo tu nikamuuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza siku ya kwanza. Nikamuuliza, "Ma, siku ya somo, kabla ya kuiwasha, unafanya nini?"

Akaniambia yote, tangu asubuhi. Anafagia. Anatandika mikeka, anaanika kahawa. Anaifuta redio vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Halafu anaianika.

"Unaanika nini?"

"Redio. Mawe yake yapate nguvu."

Wewe unajua, kila mtu Kagera huanika mawe ya redio, yaani betri, yakichoka. Mimi mwenyewe huyaanika juu ya bati. Lakini watu huyatoa, huyapanga juani, kisha huyarudisha. Ma Yustina alikuwa ameona kwa jirani jinsi kuku walivyotawanya mawe uwanjani, na jinsi mtu alivyoyarudisha kichwa mahali pa mkia. Redio ya watu, akasema, haichezewi hivyo. Kwa hiyo yeye aliiweka redio nzima, na koti lake la ngozi, juu ya mkeka katikati ya kahawa, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi ya somo. Na kila saa alikuja kuigeuza upande wa pili, kama anavyogeuza kahawa.

Nilicheka, naye akacheka kidogo, ingawa hakujua tunacheka nini. Kisha nikaacha kucheka, maana nilikuwa nimeanza kuelewa. Nyumba ya Ta Anselmi, akaniambia, ni ya nyasi, ina giza na ubaridi, na yeye ni mvivu wa kuanika hata nguo. Kwake redio haikupata joto. Kwangu kibandani haikupata joto. Kwa Ma Yustina peke yake iliiva. Kuna kifaa ndani yake kilichokuwa kizima kikiwa baridi na mgonjwa kikipata moto, na mimi nilikuwa nimekipima kikiwa kwenye raha zake.

Alhamisi iliyofuata, siku ya somo, nikapanda basi. Huo ndio mwanzo wa mnofu unaoujua, lakini nitaupitia tena kwa sababu unakwenda kuufanyia kazi.

Niliomba redio ianikwe kama zamani, juu ya mkeka wa Ma Yustina, na koti lake. Saa kumi watu wakajaa. Tukaiwasha. Ikasema dakika chache, ikafifia, ikavuma. Watu wakamtazama Ma Yustina. Nikaifungua hapo hapo mezani, ingali moto. Ndani kulikuwa na transista saba, vikofia vidogo vya bati vyenye miguu mitatu mitatu. Nilikuwa nimebeba pamba na spiriti ya hospitali, maana spiriti ikikauka hupoza kitu upesi. Nikagusa kikofia cha kwanza, nikasubiri. Kimya. Cha pili. Kimya. Mzee mmoja akauliza, "Anaichoma sindano?" Mwingine akajibu, "Anaitafuta mshipa." Nikagusa cha tatu, na yule mtangazaji akarudi katikati ya neno, anasema habari za mbu. Nikaondoa pamba, joto likapanda tena, akaondoka. Nikairudisha, akaja. Nilifanya hivyo mara nne. Mara mbili zingetosha, zilizobaki zilikuwa za maringo.

Makofi unayoyasimulia yalikuwa ya hapo. Na kosa lililofuata ulikuwa hulijui: niliweka kifaa kibaya. Nilikuwa nimebeba transista mpya, yenye nguvu kuliko ile ya asili, kwa sababu nilitaka kijiji kione tofauti. Nikapasha chuma cha lehemu kwenye moto wa jikoni kwa Ma Yustina, chini ya sufuria ya ndizi, nikaipachika. Waliiona kweli tofauti. Redio ilipiga mluzi mpaka mbuzi wakakata kamba. Ile transista ilikuwa na nguvu kupita jirani zake, na kila walichokinong'ona ilikirudisha kwa kelele. Nikaitoa, nikapekua mkebe wangu wa vyuma vya redio zilizokufa, nikapata moja iliyotoka kwenye redio ya aina hiyo hiyo. Ilikuwa kuukuu, namba yake imefutika nusu. Nikaipima kwa joto kwanza, safari hii nilikumbuka: nikaiweka kando ya meko mpaka sikuweza kuishika, ndipo nikaijaribu. Ikakaa kimya mahali pake na kufanya kazi. Unapochagua cha kubadilishia, mwanangu, usiulize kipi kina nguvu. Uliza kitakaa na nani. Sizungumzii wachumba. Ila kama umefikiria wachumba, sikukatazi.

Sasa mkia wa habari, ule niliokata.

Baada ya redio kupona, Ta Anselmi akasimama akatoa shukrani ndefu. Rubisi, pombe ya ndizi, ikaletwa, nikapewa kata ya kwanza. Na Ta Anselmi akasema kwa furaha kabisa, "Kumbe Ma Yustina alikuwa anaikaanga!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Anaichanganya na kahawa!" "Angeiuza kwa kilo!" Shemeji yake alicheka mpaka akashika mti. Watu hawakusema tena kwamba ni mwizi. Sasa alikuwa mjinga aliyekaanga redio ya kijiji. Redio ikarudi kwa Ta Anselmi, na kosa likabaki kwa yule yule.

Na mimi nilicheka, Koku. Kata ilikuwa mkononi, nilikuwa shujaa, na kicheko kilikuwa kitamu. Nilimwona Ma Yustina akikunja mkeka wake pole pole kuanzia upande mmoja, akaingia ndani. Nikapanda basi la jioni nikiwa na mkungu wa ndizi na kuku wawili. Mama yako alifurahi sana na wale kuku.

Majuma mawili sikulala vizuri. Nilijiambia nimekwisha kutengeneza redio, nini tena? Lakini redio haikuwa na jina la kupoteza. Nilikuwa nimetengeneza kile kilicholetwa kwenye meza yangu, na kile nilichokiharibu mimi nimekiacha uwanjani.

Nikarudi. Hakuna aliyeniita. Nilikwenda na redio yangu mwenyewe, ile iliyo chumbani kwetu, ambayo mama yako haruhusu mtu aiwekee hata kikombe juu. Sikumwambia naipeleka wapi. Nilifika asubuhi ya siku ya somo, nikamwomba Ma Yustina ruhusa, nikaiweka juu ya mkeka wake, katikati ya kahawa, koti na yote. Akanitazama. Kila saa alitoka na kuigeuza, kama desturi yake, na kila alipoigeuza moyo wangu uligeuka nayo.

Saa kumi watu wakaja, maana nilikuwa nimemwomba Ta Anselmi somo lisikilizwe pale. Nikaiwasha ikiwa moto wa kuunguza kiganja. Ikasema. Tukasikiliza somo lote mpaka mwisho, na haikufifia hata kidogo. Ndipo nikasimama. Nikasema: "Mmeona. Redio nzima ikianikwa juani huendelea kusema. Ile yenu ilikuwa mgonjwa tangu kiwandani, na Ma Yustina hakuiharibu. Jua lake ndilo lililoonyesha ugonjwa niliopaswa kuuona mimi. Mimi ndiye niliyeandika kwamba haina kosa, bila kuipima inavyopimwa. Nikaandika watumiaji waangaliwe. Aliyepaswa kuangaliwa ni mimi."

Ta Anselmi, Mungu amzidishie, alikuwa wa kwanza kuinuka. Hakuhutubia. Alikwenda nyumbani kwake kwa miguu yake, akarudi na redio ya kikundi, akamkabidhi Ma Yustina kwa mikono miwili mbele ya shemeji zake wote. Akasema, "Ma, tulikukosea." Naye akaipokea, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga pale pale, kwa maana kweli ilikuwa na vumbi, na watu wakacheka tena. Safari hii walimcheka Ta Anselmi.

Ningependa niishie hapo. Nimetua kalamu, nimetoka nje nimetazama ziwa, nimerudi. Bado kuna moja.

Watu walipotawanyika, Ma Yustina alinikaribisha jikoni nile kabla ya basi. Akanipakulia ndizi na samaki, akaniwekea akamwani, punje za kahawa, nitafune nikimaliza, vile tunavyompa mgeni wa heshima. Akakaa upande wa pili wa meko. Nilikuwa nimeshajisikia mwepesi, mtu aliyekiri na kusamehewa, na nilikula kama wewe ulivyokula leo. Kisha akaniuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, kama anauliza habari za mtoto:

"Fundi, ile siku ya kwanza, uliifungua?"

Mkono wangu ukasimama juu ya sahani. Maana mbele ya watu nilikuwa nimesema sikuipima vizuri. Sikusema kwamba sikugusa hata bisibisi.

"Hapana," nikamwambia.

"Nilijua. Siku ile Ta Anselmi alipoirudisha nilipewa niifute kabla hajaichukua. Nyuma, kwenye vichwa vya skrubu, mlikuwa na udongo wetu ule ule mwekundu. Kitambaa huwa hakifiki humo; bisibisi ingeutoa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa na ushahidi mkononi tangu siku ile waliyomnyang'anya redio. Angeweza kuusema mbele ya shemeji zake na mambo yote yangeishia hapo. Angeweza kuusema siku alipokuja kibandani kwangu na kikapu.

Akasogeza kuni mekoni. "Ningekuumbua," akasema, "na wewe una watoto wanaokula kwa jina hilo. Nikaona nikuulize kwanza."

Watoto aliokuwa akiwasema ni wewe, Koku. Kesho kula samaki atakaokukaangia mama yako, upande meli, uende.

Baba yako